Kwato ya Farasi na Dawa Inayotumainiwa

Ndani ya kwato ya farasi, nyuzi laini za nyama zinashika mfupa. Zikivimba na kulegea, mfupa unageuka ao unashuka, na farasi anashindwa kusimama. Barbaro, farasi bingwa wa Marekani, alivunjika mguu katika Mei 2006. Miguu mingine ikalemewa, kwato zikaharibika, na tarehe 29 Januari 2007 wakamwua kwa huruma.

Leo waganga wa nyama wanajaribu chembe-mama, ndizo chembe za mwili zinazozaa chembe nyingine. Wanazitoa katika mafuta ao uboho, wanazitia kwa sindano katika mshipa karibu na kwato. Wanatumaini zitatuliza uvimbe. Lakini kuponya hakujathibitika. Kuchonga kwato na kiatu chema vingali vya lazima. Tusimwuzie mwenye farasi tumaini kama hakika.