Neno la Siri la Afisi ni Amana ya Umma

Karani anapohamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba hukabidhi meza, kabati, mhuri na funguo. Makabidhiano huandikwa, hutiwa saini, na kazi ikaendelea. Lakini siku hizi kumbukumbu nyingi za umma hazimo tena kabatini. Zimo ndani ya kompyuta, na ufunguo wa kompyuta si chuma cha kutundikwa ukutani, bali ni neno la siri lililo kichwani mwa mtu. Mtu huyo akilisahau, akiugua au akiondoka ghafla, mwananchi aliyefuata cheti chake huambiwa arudi kesho, na kesho huambiwa vivyo hivyo. Sisi twasema kwamba jambo hili si la fundi peke yake. Ni jambo la uongozi.

Neno la siri, ambalo wengine huliita nywila, lina umri wa zaidi ya miaka 60. Lilianza kutumika katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye chuo cha MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake waliunda mpango wa watu wengi kutumia mashine moja. Kila mtumiaji alihitaji mahali pake pa faragha. Hata hivyo, mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyeona muda aliopewa haumtoshi, aliifanya mashine imchapie orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake. Maneno hayo yalikuwa yamehifadhiwa kama yalivyo.

Dunia ilijifunza. Kompyuta ya leo iliyotengenezwa vyema hailihifadhi neno lenyewe, bali hulisaga kwa hesabu maalumu hata likawa alama zisizoweza kurudishwa kuwa neno. Ndiyo sababu hakuna fundi mkweli atakayekwambia neno ulilolisahau lilikuwa lipi. Awezacho ni kukuwekea jipya.

Njia za kulipata hilo jipya zipo, nazo si za uchawi. Kwanza, mtu atazame kama kitufe cha herufi kubwa hakikuachwa wazi, na kama kibodi haikubadilishwa lugha; mara nyingi neno ni sahihi na kosa li vidoleni. Pili, ikiwa kompyuta ya Windows ina akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi, mwenye akaunti hiyo aweza kumwekea mwenzake neno jipya kwa dakika chache. Tatu, ikiwa akaunti imefungamana na ile ya Microsoft, neno hubadilishwa kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, baada ya namba ya uthibitisho kupelekwa kwenye simu au barua pepe iliyosajiliwa. Kisha kompyuta iliyofungwa huunganishwa na intaneti ili ilitambue neno hilo.

Hapa ndipo penye tanzi. Ikiwa simu iliyosajiliwa ni ya karani aliyekwisha kuondoka, namba ya uthibitisho humfuata huko aliko, na afisi hubaki mlangoni.

Liko pia jambo zito zaidi. Kompyuta nyingi mpya huandika kila kilichomo ndani ya diski kwa maandishi ya fumbo, ili mwizi akiing'oa diski asisome kitu. Katika Windows ulinzi huo huitwa BitLocker, na ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Anayejaribu kuizunguka kufuli ya kawaida huulizwa tarakimu hizo. Zikipotea, Microsoft wenyewe hawawezi kuziunda upya. Diski yaweza kufutwa na kompyuta ikafanya kazi tena, lakini daftari la vizazi au la ardhi lililokuwamo, kama halikuwa na nakala, limekwenda.

Asiyeamini na atazame yaliyomfika Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aliyeishi San Francisco. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba alikuwa na bitkoini 7,002, mali ya mamilioni ya dola, ambazo ufunguo wake ulikuwa ndani ya kifaa kinachokubali majaribio 10 tu. Karatasi aliyoandikia neno la siri ilikuwa imepotea, naye alikwisha kutumia majaribio 8. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wanaokimbilia mtaani kutafuta wa kuvunja kufuli. Yafaa wakumbuke kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kuingia katika kompyuta bila ya idhini. Fundi mwaminifu ataka uthibitisho wa umiliki kabla ya kugusa kitu, na hilo si ukaidi. Wako pia wanaolazimisha maneno yabadilishwe kila baada ya muda mfupi, hata watumishi wakayaandika kwenye karatasi na kuzibandika juu ya skrini. Tangu mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeshauri neno libadilishwe pale penye dalili kwamba limevuja, na kwamba urefu wa neno una faida kuliko mapambo yake.

Kwa hivyo twawaomba wakuu wa afisi, wa skuli na wa vituo vya afya watekeleze mambo manne. Kila kompyuta ya umma iwe na akaunti ya pili ya msimamizi, mikononi mwa afisa aliyeteuliwa. Simu na barua pepe za uthibitisho ziwe za afisi, si za mtu. Tarakimu 48 zichapishwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa, ziwekwe kwenye sefu na kuandikwa daftarini. Na nakala ya kumbukumbu iwekwe mahali pengine, mbali na mashine yenyewe.

Hatusemi mtumishi amtajie kila mtu siri yake. Neno lake na libaki lake. Lakini mlango ni wa wananchi, na hapana budi pawe na ufunguo wa pili ulio chini ya dhamana ya afisi.