Sikio Lina Mpaka Wake

Je, umepata kumwona mbwa wako jioni akiinua masikio ghafula na kutazama porini, hali wewe husikii kitu? Usimcheke. Yeye amesikia kweli.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Kijana mwenye afya husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 hivi kwa sekunde moja. Mbwa hupita 40,000, na popo wengine hupita 100,000. Tembo huitana kwa sauti nene za chini ya 20, tusizozisikia sisi. Muumba amempa kila kiumbe kipimo chake.

Mafundi walikifuata kipimo hicho walipotengeneza sahani za sidii, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982. Mashine huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, ikaiandika kwa tarakimu. Kwa nini mara nyingi hivyo? Kwa sababu kila mtetemo hutaka kupimwa zaidi ya mara mbili, na mara mbili ya 20,000 ni 40,000. Zilizozidi ni nafasi ya kuchujia. Basi muuzaji akikusifia chombo cha bei kubwa kwa kuwa muziki wake umepimwa mara 96,000, usikimbilie kutoa fedha. Spika nzuri itakufaa zaidi.

Lakini liko jambo kubwa kuliko fedha. Ndani ya kila sikio zimo chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, zipokeazo sauti. Zikifa hazioti tena. Uzee huzipunguza, na zile za sauti nyembamba hutangulia. Kwa hiyo babu asiposikia maneno ya mjukuu, asigombezwe. Mkaribie, sema polepole, aione midomo yako.

Makelele nayo huziua kabla ya wakati: mashine ya kusaga, spika za harusini, na zile ndogo za masikioni wapendazo vijana. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma, na ya desibeli 90 isizidi saa 4 tu.

Enyi wazazi, ukikaa kando ya mtoto aliyevaa spika hizo, nawe ukausikia muziki wake, mwambie apunguze. Masikio yake yakivuma, apumzike.

Redio ikiharibika tunaipeleka kwa fundi. Chembe za sikio hazina fundi. Tuzilinde leo, ili uzeeni tuisikie bado kengele ya kanisa na sauti za wajukuu wetu.