Fahamu: Kwa nini madoa ya melasma hurudi usoni

Madoa ya kahawia yanayotanda mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, aghalabu kwa wanawake, huitwa melasma, na si uchafu. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huchochewa kupita kiasi na jua, na homoni za ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, na urithi wa familia. Jua ndilo la kuogopwa zaidi, kwani hata doa lililofifia baada ya kujifungua linaweza kurudi ngozi ikianikwa tena.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haihitaji kinga. Kwa kuungua wana hoja, kwa melasma hawana: hata mwanga unaoonekana kwa macho huzidisha madoa, hasa kwenye ngozi nyeusi, na krimu nyingi za jua zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha, zilizotiwa oksidi ya chuma husaidia zaidi. Mkorogo wa kung'arisha ngozi nao ni hatari. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi inayotiwa mara nyingi katika mkorogo, ikipakwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibuluu usiofutika kirahisi. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Vaa kofia pana, na umwone daktari wa ngozi kabla ya kununua kopo lolote.