Forester: Ndai ya Msee Amejipanga

Mtaani kuna stori haiishangi: msee akishika doh kidogo, kitu ya kwanza anataka ni Subaru. Muulize ni gani, atakutajia WRX, ile ya bawa nyuma na ekzosi inaamsha ploti nzima saa nane usiku. Poa, kila mtu na ndoto yake. Lakini maisha husonga. Kuna manzi kejani, kuna mtoi wa kufungwa kwa siti yake, mathe ako ocha na anataka kuletwa kliniki tao, na mbogi bado inadai Naivasha wikendi. Hapo ndio Subaru Forester huingia, na mi hii ndai naisimamia bila kuyumba. Kwa bei ya katikati, sijaona ndai ya petroli ya familia inampea msee uhandisi wa maana kama hii. Shida ni wengi wananunua jina tu, hawajui ni nini wamelipia. Leo tufungue boneti tuone.

Mahali ilitoka

Subaru walianza kulaza injini kitambo. Subaru 1000 ya 1966 ilikuwa na boxer, yaani injini ya pistoni zimelala, ikivuta tairi za mbele, na 1972 wakatoa Leone ya kubeba familia, nguvu ikifika tairi zote nne. Forester yenyewe ilitoka 1997, wakichukua mifupa ya Impreza, wakaiinua na kuipanua. Hiyo ya kwanza ndio SF. Ikafuata SG 2002, SH 2007, SJ 2012, alafu SK 2018.

Huku kwetu hilo jina lilipata heshima kwa vumbi. Mwaka wa 1993, Patrick Njiru alimaliza Safari Rally na Vivio, kagari ka cc 660, akashinda klasi yake. Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo na hakufika mwisho. Kwa hivyo buda akikuambia Subaru ni ndai ya ukweli, jua hasemi juu ya stika. Aliona.

Pistoni zikilala

Tushike SJ5, ile ya lita mbili bila turbo. Injini yake inaitwa FB20: cc 1,995, farasi 148, torki Nm 196. Pistoni nne zimelala, mbili kushoto, mbili kulia. Ya kushoto ikisukumwa nje, mwenzake wa kulia pia anatoka nje saa hiyo hiyo. Zikirudi, zinarudi pamoja. Msukumo wa huku unauliwa na wa kule, na ndio maana hii injini inatulia bila kuongezewa shafti za kupunguza mtetemo.

Alafu kuna uzito. Mkokoteni ukipangwa magunia hadi juu, kona moja tu na mzigo uko kwa mtaro. Ukilaza magunia chini, unapita. Boxer inafanya hiyo kazi ya kulaza. Forester ni ndefu, ina milimita 220 kutoka ardhi hadi tumbo, lakini ukiipeleka kona za kuteremka Mai Mahiu haiyumbi vile urefu wake unakutisha. Ile nyama nzito ya injini iko chini, karibu na ekseli.

Kuna kitu ingine FB ilirekebisha. Injini ya Subaru ya kitambo, EJ20, ilikuwa na beliti ya taimingi, ya kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ikikatika ukiwa mbio, valvu na pistoni zinagongana, na hapo unatafuta injini ingine. FB imewekwa cheni. Hata filta ya oili wameisimamisha juu, mbele ya injini: ukiinua boneti iko hapo, mkono unaifikia bila kulala chini ya ndai. Plagi sasa ndio kazi. Zimeangalia pembeni, zimebanwa na kuta za boneti, na makanika mwenye haraka huharibu. Kama fundi wako hajawahi guza boxer, tafuta mwingine.

Na wale wanakata ekzosi ya FB20 wakitafuta ule mngurumo wa WRX, sikizeni. Ule mngurumo ulitokana na EJ ya turbo, juu mabomba yake ya kutoa moshi hayakuwa urefu sawa, na mapigo yalikuwa yanatoka yakipishana. Hauwezi upata kwa msumeno. Ukikata FB20 utapata kelele, farasi zinabaki 148.

Tairi nne, kazi moja

Hapa ndio roho ya hii ndai. Ndai nyingi za saizi hii, injini imekaa kwa kukingama. Nguvu inaenda tairi za mbele kwanza, za nyuma zinaitwa mbele ikianza kuteleza. Kwa Forester, injini imeangalia mbele, giaboksi iko nyuma yake, na kutoka hapo shafti inaenda moja kwa moja hadi difu ya nyuma. Chora laini katikati ya ndai: upande wa kushoto na wa kulia zinakaribia kuwa sawa. Tairi zote nne huwa zinavuta. Ya otomatiki inaanza na karibu asilimia 60 mbele na 40 nyuma, alafu kluchi ya sahani nyingi ndani ya giaboksi inaongeza au kupunguza ya nyuma kulingana na vile barabara iko.

Ile giaboksi ni Lineartronic, CVT ya cheni. Haina gia za kuruka moja hadi nyingine. Cheni inapanda na kushuka kwa puli mbili, nguvu inakuja kwa mkupuo mmoja. Ukikanyaga ghafla injini italia kwanza kabla mwendo uje. Kanyaga pole na itakubebea watoi wakiwa wamelala.

SJ pia ndio ilileta X-Mode. Cheki Kitengela mvua ya Aprili ikishika, ule udongo mweusi ukishanyonya maji. Ndai zinapaki zenyewe katikati ya njia, tairi zimevaa viatu vya matope. Ukiwa mwendo wa pole, finya X-Mode. Mguu wako kwa mafuta unalainishwa, giaboksi inakaa chini, na tairi inazunguka bure inashikwa na breki ndio nguvu iende kwa ile imeshika ardhi. Ukiteremka mteremko wa matope, ndai inajishikilia mwendo wa pole, wewe unashika usukani tu.

Lakini tuambiane ukweli. Hii si Land Cruiser. Haina gia ndogo za kupanda mawe, na tairi kipara zitateleza hata zikiwa nne. Alafu AWD, yaani kuvuta kwa tairi zote nne, inakusaidia kung'oka. Kusimama ni breki na tairi, kama ndai ingine yoyote. Ukungu wa Limuru haujali nembo. Punguza mwendo.

Tairi moja inaweza kuua giaboksi

Hii sehemu ndio wasee huangukia. Tairi moja imepasuka, doh iko chini, unaenda kuokota moja ya mtumba, meno mapya kabisa, ukiweka na tatu zimeisha nusu. Kwa ndai ingine hiyo si noma sana. Kwa Forester ni noma. Tairi yenye meno marefu ni kubwa kidogo, kwa hivyo inazunguka mara chache kuliko wenzake. Ile kluchi ya nyuma inadhani kuna tairi inateleza, inafanya kazi bila kupumzika, inapata joto, inajila. Ukibadilisha, badilisha nne, kampuni moja, saizi moja, meno sawa. Haina haja ya hesabu: ingiza sarafu kwa meno ya kila tairi, uone kama inazama sawa.

Kuijaribu pia ni rahisi. Tafuta paking'i kavu, kata usukani hadi mwisho, alafu iache itembee pole pole duara zima. Ndai fiti inazunguka laini. Ikianza kuruka ruka na kukwama kama imeshikwa mguu, mfumo wa AWD una shida. Rudisha funguo.

Oili nayo usilale. FB za miaka ya kwanza zililalamikiwa kwa kula oili, hadi Marekani stori ikaishia kortini. Paki mahali tambarare, zima, ngoja dakika kadhaa, vuta kijiti ukisome. Fanya hivyo kabla ya kila safari ndefu, usingoje taa. Giaboksi inataka oili ya CVT yenyewe; fundi akikuambia ATF, ile oili ya otomatiki ya kawaida, ni sawa, hepa. Na kwa rejeta, maji ya bomba achia maua. Weka kulanti, juu boxer ikipata joto sana gasketi za hedi ndio hulipa.

Ndani ya nyumba

Nafasi iko. Vioo ni vikubwa, nguzo nyembamba, kwa hivyo mtoi akipita nyuma ya ndai ukirivasi una nafasi nzuri ya kumwona. Kuna zenye EyeSight, kamera mbili juu ya kioo cha mbele zinazoangalia barabara na kufunga breki zenyewe kukiwa na hatari. Jiwe likipasua hicho kioo, usiweke tu chochote. Kamera zinaonea hapo, na zinafaa kupimwa upya.

Mwendo? Ukijaza watu watano na mizigo, SJ5 itapanda mlima kwa heshima, haitaruka. Msee anataka kuruka kuna XT: turbo ya lita mbili, farasi 280. Hiyo inakunywa zaidi, na sevisi yake haingojei mshahara. Kwa familia, mi nachagua SJ5.

Kabla utoe doh

Kwa sheria yetu ya ndai isizidi miaka 8 ikiingia nchini, SJ sasa utaipata kwa mtu hapa hapa, haitoki bandarini. Hiyo inamaanisha imepitia mikono. Usinunue usiku, usinunue juu ya rimu na stika. Enda na fundi anajua boxer, mlipe siku yake, na uulize karatasi za sevisi.

Zikiwepo, tairi nne zikiwa sare, oili ikiwa safi na imefika alama ya juu, na duara ya paking'i imepita bila kukwama, chukua hiyo ndai na uitunze. Moja ikikosa, achana nayo. Forester ni nyingi, ngoja ile imetunzwa.