Kocha anaondoka: ekipe inabaki na nani?

Huku Kpandroma, ekipe ikipigwa, kesho yake kila mtu ni kocha. Pale tunapochaji telefone, sokoni kati ya mifuko ya viazi, kwenye veranda ya masomo, neno ni moja: « Ule kocha aende! » Na mbele hajafunga mizigo, majina ya wengine yamekwisha kutoka. « Walete muzungu. » « Hapana, walete mwana-inchi. » « Warudishe ule wa zamani, njo alijua wachezaji. »

Tarehe 9 Septemba 2025 tulisema hivyo tena. Kule Kinshasa Leopards waliongoza Senegal mabao 2 kwa 0, wakamaliza wamepigwa 3 kwa 2. Usiku ule, hapa kwetu, Sébastien Desabre alifukuzwa kazi mara nyingi bila yeye kujua. Miezi miwili ikapita. Kule Rabat, tarehe 13 Novemba, ekipe ile ile na kocha yule yule waliondoa Kameruni kwa bao la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Siku tatu nyuma, wakaondoa Nigeria kwa penalti. Wale waliosema aende ndio walioimba sana. Na sisi tulikuwa kati yao.

Tufanye basi hesabu. Florent Ibenge alishika Leopards tangu 2014 hadi 2019. Mwaka 2015 alipata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika. Mwaka 2016, kule Kigali, alibeba kombe la CHAN kwa kupiga Mali 3 kwa 0. Alipoondolewa na Madagascar kwa penalti, mwaka 2019, safari yake ikaisha. Toka hapo, ndani ya miaka mitatu, tuliona makocha watatu wapya. Christian Nsengi Biembe hakufikisha ekipe katika Kombe la Afrika la Kameruni. Héctor Cúper, aliyepeleka Misri katika Kombe la Dunia la 2018, alikuja 2021 na jina kubwa. Maroko wakamusimamisha Machi 2022: 1 kwa 1 Kinshasa, 4 kwa 1 Casablanca. Halafu akapigwa na Gabon, akapigwa na Sudan, akaenda.

Ndipo akaja Desabre, Agosti 2022. Sisi wa upande huu wa mpaka tulikuwa tunamujua. Mwaka 2019, kule Cairo, yeye ndiye alikuwa kocha wa Uganda iliyopiga Leopards wa Ibenge 2 kwa 0. Wafanyabiashara wetu wanaovuka Mahagi wanajua namna walivyochekwa. Katika Kombe la Afrika la kule Côte d'Ivoire, mwanzo wa 2024, alianza na sare tatu: Zambia, Maroko, Tanzania. Hata ushindi mmoja hakuna. Watu wakaanza tena kutafuta jina la mwingine. Lakini alipita, akaondoa Misri, akaondoa Guinea, akamaliza wa ine.

Hatusemi kocha asibadilishwe kamwe. Kama Cúper angebaki, Desabre hangekuja. Tena kuna mfano unaotufunga mdomo sisi tunaopenda kusema « wamuachie muda ». Tutazame TP Mazembe. Mwaka 2015 walibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Patrice Carteron, naye akaondoka. Mwaka 2016 walibeba Kombe la Shirikisho na Hubert Velud. Mwaka 2017 walilibeba tena na Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumba, aliyekuwa amevaa jezi ya Mazembe mbele ya kuwa kocha. Miaka mitatu, makocha watatu, makombe matatu.

Sababu ni nini? Kule Lubumbashi kocha akienda, nyumba inabaki. Kiwanja ni chao. Vijana wanaandaliwa katika masomo yao ya mupira. Mihayo hakuja kama mgeni wa kuuliza majina ya watu. Anayeingia anakuta kazi imeanzwa.

Sasa turudi kwetu. Katika masomo yetu mengi ya sekondari huku Djugu, kocha ni mwalimu mmoja anayependa mupira. Halipwi kitu juu ya kazi ile. Balo analala nayo nyumbani, filimbi iko mufukoni mwake, na majina ya wachezaji yako kichwani. Yeye njo anajua nani anaumwa goti, nani anatoka mbali na lazima aachiliwe mapema, nani hajakula tangu asubuhi. Siku moja anapata kazi Bunia. Ao anahamishwa. Ao, kama tulivyoona sana katika miaka hii ya vita, anakimbia na watoto wake usiku. Kesho yake hakuna kocha, hakuna balo, hakuna hata karatasi. Anayemufuata, kama anapatikana, anaanza kwa sifuri.

Na hapo si kikombe tu kinachopotea. Kijana aliyekuwa na saa kumi ya mazoezi sasa anakaa barabarani saa ile ile. Huku kwetu tunajua ni nani anaweza kupita kumuita, na hamuite kwa kucheza mupira. Kocha wa masomo, hata kama ekipe yake inapigwa kila juma, alikuwa na watoto ishirini mbele ya macho yake hadi jua linapotua.

Basi tunaomba maprefe na kamati za wazazi mambo matatu, na hayaombi franka nyingi. La kwanza: kila kocha awe na musaidizi tangu siku ya kwanza, mwalimu mwingine ao mwanafunzi wa zamani anayejua wachezaji. La pili: balo na jezi zilale kwa masomo, si kwa nyumba ya mtu. La tatu: daftari moja, lenye majina, umri, kijiji cha kila mtoto na mazoezi yaliyofanywa. Daftari lile likae kwa biro ya prefe.

Kuhusu Leopards, tutaendelea kubishana pale kwa kuchaji telefone, maana tunapenda. Desabre akienda kesho, majina hayatakosa. Lakini juma hili, kila mmoja wetu apite kwa masomo ya karibu na aulize: mwalimu wenu wa mupira akiondoka leo, nani atashika filimbi kesho saa kumi?