Kitunguu cha Misuna mbele ya aidini

Kata kitunguu kilichotoka soko la Misuna, kidondoshee matone mawili ya aidini, kisha subiri. Rangi inabaki ileile ya kahawia. Dondoshea sasa ugali wa uwele au kipande cha kiazi kitamu: weusi wenye samawati unatokea hapo hapo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mimea huweka akiba yake kama wanga atashangaa, na mwalimu mzuri hauachi mshangao huo upite bure. Akiba ya kitunguu si wanga, ni sukari. Kiponde, chuja maji yake, changanya na myeyusho wa Benedict, kisha tumbukiza neli kwenye maji yanayochemka. Samawati itageuka kijani, njano, rangi ya chungwa, na mwisho wekundu wa tofali.

Mkoa wa Singida una chakula cha kutosha kwa kila jaribio la namna hii. Ukiponda mbegu ya alizeti juu ya karatasi, inaacha doa linalopitisha mwanga, na doa hilo halikauki kama la maji. Hayo ni mafuta. Ute wa yai la kuku wa kienyeji, ukitiwa myeyusho wa kostiki soda na matone machache ya mrututu, hugeuka zambarau, dalili ya protini. Hapa mwalimu asimamie mwenyewe, maana kostiki soda huunguza ngozi na macho.

Asali ya Manyoni nayo hufundisha jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kwenye Benedict inatoa wekundu mara moja, wakati sukari nyeupe ya dukani haitoi kitu mpaka ichemshwe kwanza na asidi hafifu, kisha asidi ile izimuliwe. Lakini asali iliyochakachuliwa kwa sukari itatoa wekundu uleule. Kipimo hiki hakiwezi kumkamata mchakachuaji, na kijana aelewe hivyo tangu shuleni: jaribio hujibu swali lililoulizwa tu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kimea. Loweka uwele, uache uchipue, uanike, usage. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha koroga humo kijiko cha unga wa kimea. Uji unalainika bila kuongezwa maji. Ukichota kidogo kila baada ya muda na kutia aidini, weusi unazidi kufifia, na Benedict inaonyesha sukari ikiongezeka. Vimeng'enya vya kimea vinakata wanga vipandevipande. Ukiwa moto sana vinaharibika, ndiyo maana uji lazima upoe kwanza. Wapishi wa togwa wanaijua kazi hii kwa mikono yao. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo faida ni kubwa, kwani anakunywa uji mwepesi wenye unga mwingi. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, somo hilo linastahili kutoka maabara na kufika jikoni.

Badala yake tumelifanya zoezi la mtihani. Mtahiniwa wa kidato cha nne anapewa myeyusho wenye herufi badala ya jina, anaandika utaratibu, alichoona na hitimisho. Wengi hufika pale wakiwa wamekariri rangi zote, ilhali hawajawahi kupima chakula wanachokula nyumbani. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi walichanga fedha na nguvu zao. Lakini kuta na meza peke yake hazimfundishi mtoto kitu bila kemikali na neli.

Wazazi na wajumbe wa bodi za shule Singida, mkikaa kwenye kikao kijacho, ulizeni kama aidini na Benedict zipo, na lini watoto walizitumia mara ya mwisho. Chakula cha kupimia si cha kununua mbali. Kila mwanafunzi anaweza kuja nacho kutoka nyumbani, unga wa uwele, kunde, yai, kitunguu, na jioni akamweleza mama yake alichokiona.