Je, Wajua? Bakuli la Mwembe Hung'azwa kwa Joto

• Mwembe mkongwe ulioacha kuzaa, kama ile iliyotapakaa mashambani Msambweni, una mbao zinazokerezwa vizuri kuwa bakuli.

• Kabla ya karatasi ya msasa kufika madukani, mafundi wa Pwani walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, yenye mkwaruzo kama ulimi wa paka.

• Bakuli husuguliwa likiwa bado linazunguka kwenye keezo, yaani mashine ya kukerezea: kwanza msasa namba 120, kisha 240, kisha 400. Kila namba hufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiruka moja, mikwaruzo hujitokeza wazi mng'ao unapokuja.

• Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Fundi hugandamiza bonge la nta kwenye bakuli linalozunguka, kisha kitambaa laini. Msuguano huzalisha joto, nta ikalainika na kusambaa juu ya mbao.

• Kitambaa kiwe kipande kidogo, wala kisizungushwe vidoleni: kikinaswa, keezo huvuta mkono mzima. Barakoa nayo ni lazima, kwani vumbi la mbao hudhuru mapafu.

• Lakini si kila mti hukatwa kwa bakuli: Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya kaya iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Humo hairuhusiwi kutoa hata kijiti.

Ukinunua bakuli Diani, muulize muuzaji ni la mti gani. Chagua la mwembe wa shambani, misitu yetu ipone.